Klabu ya Kuteleza kwenye Barafu: Ada Unalipia Nini Hasa?

Wengi wanaoanza mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule wa miruko na mizunguko inayofuata muziki, hudhani klabu na uwanja ni kitu kimoja. Ubishi mwingi kuhusu faida ya uanachama huanzia kwenye mkanganyiko huo. Uwanja ni jengo: mitambo ya kugandisha maji, mashine ya kulainisha barafu, bili ya umeme, na mwenye mali anayetaka kila saa iwe na mteja. Klabu, mara nyingi, haimiliki chochote kati ya hivyo. Ni wazazi, watoto, watu wazima na makocha waliojiandikisha pamoja, wakachagua kamati, na kamati ikaenda kwa mwenye uwanja kukodi saa kwa jumla ili gharama igawanywe. Ada ya klabu basi ni mchango wa kuingia kwenye kundi hilo. Barafu yenyewe huja na bili yake.

Kutokana na hapo linazuka swali ambalo familia nyingi hulijadili kila msimu unapoanza: kama uwanja uko tayari kuniuzia saa moja kwa moja, na kocha namlipa mwenyewe, klabu ya nini?

Swali hili lina uzito leo kuliko lilivyokuwa zamani. Hadi mwaka 1990, mashindano ya dunia yalikuwa na sehemu ya kuchora maumbo: mtelezaji alichora duara na umbo la nane kwa ukingo wa chuma cha kiatu chake, akarudia juu ya mstari uleule, na majaji wakainama kukagua alama alizoacha. Mazoezi yake yalitaka barafu isiyo na mikwaruzo na kila mtu awe na kipande chake, na mara nyingi yalifanyika asubuhi mapema. Kugawa vipande hivyo kulihitaji mratibu, na klabu ikawa ndiye mratibu. Maumbo yalipoondolewa, sehemu kubwa ya ulazima huo iliondoka nayo. Viwanja vinauza saa za mazoezi huru kwa yeyote mwenye viatu na pesa, na saa nyingine huchukuliwa na timu za magongo ya barafu, ambazo hulipa kwa mkupuo na hazigombani kuhusu muziki wa nani upigwe kwanza.

Anayekataa klabu, kwa hiyo, si mchoyo wala mpenda makuu. Hesabu yake iko wazi. Kuna ada ya shirikisho la taifa, saa za barafu, malipo ya kocha, viatu, vyuma vyake vinavyonolewa kila baada ya muda, mavazi, ada za mitihani ya kupanda ngazi, na gharama za safari. Ukimwongezea ada ya klabu, ambayo kwayo haonekani kupata chochote cha kushika mkononi, ana haki ya kuuliza. Tena klabu nyingi hudai na saa zako: ukae mlangoni siku ya mashindano, upige muziki wa wengine wakati wa mazoezi, uuze tiketi za onyesho la mwisho wa msimu. Mzazi anayefanya kazi kwa zamu, au anayelea watoto peke yake, hawezi kutoa saa hizo kama wenzake, na katika klabu zenye utaratibu wa kutoza asiyejitolea, yeye ndiye anayelipa mara mbili.

Halafu kuna siasa za kamati. Hili linazungumzwa kwa minong'ono, ingawa kila aliyekaa muda kwenye mchezo huu analijua. Wanaopanga ratiba ni wazazi wenye watoto kwenye ratiba hiyohiyo. Saa nzuri za jioni zina namna ya kuangukia kwa watoto wa wajumbe. Mtoto akihama kocha, mzazi wake ataona salamu zimepungua, kwa sababu kocha wa zamani ni rafiki wa mwenyekiti. Nikiwa mkweli, sidhani kama kuna katiba ya klabu inayoweza kumaliza tabia hii. Inaweza kuipunguza tu, hasa pale wajumbe wanapobadilika na vigezo vya kugawa saa vinapobandikwa ukutani kabla ya saa kugawanywa.

Lakini kuna shutuma nzito kuliko hizo, nayo inahusu mlango wenyewe. Vyama vya mchezo huu vilizaliwa kama mikusanyiko ya wateule. Klabu ya Edinburgh, mojawapo ya za kwanza kabisa duniani, ilianza karne ya 18, na simulizi yake maarufu ni kwamba aliyetaka kujiunga alipaswa kuteleza duara kamili kwa kila mguu, kisha aruke kofia moja, mbili, na tatu zilizopangwa juu ya barafu. Jaribio la kofia angalau lilipima ujuzi. Milango mingine ilipima rangi ya ngozi. Nchini Marekani, Mabel Fairbanks, mtelezaji Mweusi aliyejifunza huko New York katika miaka ya 1930, hakupewa nafasi ya kushindana, akaishia kwenye maonyesho na baadaye ukocha huko Los Angeles. Kipaji chake hakikuwa na shaka. Ila njia ya mashindano ilipita kwenye uanachama, na uanachama ulikuwa na walinzi.

Kisa cha Fairbanks kinatumiwa sana na wanaozipinga klabu, na kina nguvu. Ninachokiona mimi ni kwamba kinakata pande zote mbili. Fairbanks hakuwaambia wanafunzi wake waachane na klabu wateleze kivyao, aliwapigania waingie. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alikubaliwa, na mwaka 1966 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kutwaa taji la taifa, katika ngazi ya chini ya vijana. Miaka 20 baadaye Debi Thomas, Mmarekani Mweusi mwingine aliyekuwa akiiwakilisha Klabu ya Los Angeles, alikuwa bingwa wa dunia. Mtu aliyefungiwa mlango alijua kuliko yeyote ulikuwa unaelekea wapi, na ndiyo maana aliugonga. Tusidhani basi kwamba mchezo ungekuwa wa haki zaidi kama klabu zisingekuwepo. Bila klabu mlango ungebaki mikononi mwa wenye viwanja na wenye pesa ya kukodi barafu nzima peke yao, ambao hawana mkutano mkuu wa kulalamikia.

Mlolongo wa mamlaka nao bado uko vile vile kwa sehemu kubwa. Shirikisho la kimataifa, ISU, lililoundwa mwaka 1892, wanachama wake ni mashirikisho ya mataifa. Yale ya mataifa, kwa kawaida, husimama juu ya klabu. Baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, huruhusu mtu kujiunga na shirikisho moja kwa moja bila kupitia klabu, na kwa mtelezaji wa kawaida hilo linaweza kutosha. Atafanya mitihani yake na kuingia mashindano. Hapo ndipo hoja ya kifedha ya klabu inapokuwa dhaifu: punguzo la bei ya barafu kwa mwanachama ni zuri, lakini ukipiga hesabu ya mtoto anayeteleza mara moja kwa wiki, ada inaweza kulimeza punguzo lote.

Nitasema wazi kwamba naegemea upande wa klabu, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye fomu zake. Fomu huahidi punguzo, jarida, jaketi lenye nembo. Mimi naangalia kazi ambayo hakuna mtelezaji mmoja anayeweza kuinunua.

Chukua siku ya mtihani. Mtoto anaingia kwenye barafu dakika chache, anaonyesha hatua na mageuzi aliyoyafanyia mazoezi kwa miezi, anatoka. Ili dakika hizo ziwepo, kuna aliyekodi barafu, aliyepanga majina, aliyewaalika majaji, aliyewapokea na kuwapa chakula, aliyepeleka matokeo kwa shirikisho. Majaji wenyewe, katika nchi nyingi, hawalipwi zaidi ya gharama za safari, na kabla ya kuruhusiwa kutoa uamuzi walikaa pembeni kwa miaka wakiandika alama za majaribio zisizohesabiwa. Wengi wao walianza kama wazazi au watelezaji wa klabu fulani ambao kuna siku waliombwa wasaidie kushika karatasi. Mtelezaji huru anayeingia mtihani huo kwa kulipa ada yake tu anapanda juu ya mabega haya. Hakuna ubaya. Ila akisema klabu haimsaidii kitu, anakosea.

Mzigo huu umekua. Baada ya kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, alama ya juu ya 6.0 iliachwa, na mwaka 2004 ISU ikapitisha mfumo unaohesabu kila mruko na kila mzunguko kwa thamani yake. Mfumo ni wa haki zaidi, nakubali. Lakini pale zamani palipotosha majaji, kalamu na mtu wa hesabu, sasa panahitajika jopo la wataalamu wa kutambua miruko, kompyuta, na picha za video za kurudia. Klabu ndogo inayoandaa mashindano inabeba haya yote kwa watu wake na mfuko wake. Nikiona klabu inadai saa za kujitolea, nakumbuka hilo kabla ya kulalamika.

Kuteleza kwa timu kunamaliza ubishi kabisa. Kundi la kwanza la aina hiyo, Hockettes la Ann Arbor, Michigan, lilianzishwa na Richard Porter mwaka 1956, likiburudisha watazamaji wa mechi za magongo wakati wa mapumziko. Timu ya ngazi ya juu leo ina watu 16 wanaoteleza wakiwa wameshikana. Hakuna namna ya kufanya hivyo kwa kununua saa mojamoja dirishani.

Ipo pia faida isiyoingia kwenye hesabu, na sipendi kuitaja kirahisi kwa sababu mfano wake bora ni wa msiba. Tarehe 15 Februari 1961 ndege ya Sabena ilianguka karibu na Brussels na kuua timu nzima ya Marekani iliyokuwa ikielekea mashindano ya dunia huko Prague. Miongoni mwao kocha Maribel Vinson-Owen na binti zake wawili, watu wa Klabu ya Boston. Tarehe 29 Januari 2025 klabu hiyohiyo ilipoteza watu 6 katika ajali ya ndege iliyogongana na helikopta ya jeshi karibu na Washington: watelezaji wawili vijana, mama zao, na makocha Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa mwaka 1994. Siku iliyofuata watu walikwenda klabuni. Saa ya barafu inayouzwa na uwanja haina pa kwenda namna hiyo.

Ukaribu huohuo una upande wake wa giza. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake ndipo ambapo lawama dhidi ya kocha mpendwa humezwa. Maneno kuhusu uzito wa mtoto, kumlazimisha ateleze na jeraha, na mabaya zaidi ya hayo, yameweza kukaa muda mrefu kwenye mchezo huu kwa kuwa walioona walikuwa marafiki. Marekani iliunda kituo maalumu cha kuwalinda wanamichezo, SafeSport, mwaka 2017, na watu wazima wenye majukumu kwenye klabu hutakiwa kupata mafunzo na kuchunguzwa rekodi zao. Uanachama hapa unakupa kanuni na pa kushtaki nje ya klabu, kitu ambacho kocha wa mtaani asiye na shirikisho hakupi. Hata hivyo kanuni haitekelezwi na karatasi; klabu yenye kocha mmoja anayeamua kila kitu itakuwa na karatasi zote sahihi na bado mtoto hatathubutu kusema.

Kwa watu wazima wanaoanza wakiwa na miaka 30 au 50, mizani inainama tofauti. Hawana haraka ya ujana wala ndoto ya Olimpiki, na ISU imekuwa na mashindano yao huko Oberstdorf, Ujerumani, tangu mwaka 2005. Klabu iliyojengwa kwa ajili ya watoto huwaona kama pochi za kusaidia kulipia barafu. Iliyo na kikundi chao hugundua kwamba ndio wanaobaki miaka 15, ndio wanaojifunza ujaji, na ndio wanaoweza kukaa kwenye kamati bila kupigania saa ya mtoto wao. Nashangaa ni klabu chache kiasi gani zimeligundua hili.

Kwa anayepima sasa hivi kama ajiunge, ushauri wangu haugusi bei. Omba kuona ratiba ya barafu ya msimu uliopita na uulize nani aliipanga na kwa vigezo gani. Omba kuhudhuria mkutano mkuu kama mgeni; tazama kama hesabu zinasomwa, na kama mwanachama mpya anaweza kuuliza swali bila chumba kizima kumgeukia kocha kwanza. Uliza ni wangapi walihama kocha mwaka jana na bado wapo. Majibu yakiwa ya kueleweka, lipa ada na ujiandikishe kwenye zamu ya mlangoni hata kama mtoto wako anateleza mara moja kwa wiki. Yasipokuwa hivyo, nunua saa zako kwenye uwanja kwa msimu mmoja, jiunge na shirikisho moja kwa moja kama nchi yako inaruhusu, na uiangalie kamati ijayo itachaguliwa vipi.