Kompyuta Ikishuka Bei, Windows Nayo Ishuke?

Mwaka 2007 Asus ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya skrini ya inchi 7 iliyokuja na Linux, mfumo usio na ada ya leseni. Mashine ikiuzwa chini ya dola 400, kila dola ya leseni inauma. Microsoft ililiona hilo upesi. Windows XP, iliyokuwa iondoke sokoni katikati ya 2008, ikaongezewa muda kwa ajili ya vikompyuta hivyo. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikaacha kabisa kuwatoza watengenezaji wa vifaa vyenye skrini chini ya inchi 9.

Kwa hiyo bei hushuka, lakini hushuka mshindani anapobisha hodi, na unafuu humfikia mtengenezaji. Anayenunua leseni moja ya Windows 11 Home huko Marekani bado anadaiwa dola 139.

Sasa njoo Kariakoo. Kompyuta mpakato iliyotumika unaipata kwa laki nne, na leseni hiyo ukiibadili kwa shilingi inaikaribia mashine yenyewe. Fundi anachomeka flashi, anazima kinga ya virusi ili programu ya kuvunja leseni ipite, kisha anapiga Windows. Mteja, pengine mwanafunzi wa chuo, anaondoka na mlango ulioachwa wazi. Hili linanisikitisha sana.

Hata hivyo, kampuni nayo ina hoja nzito. Chipu hushuka bei kiwanda kinapozalisha nyingi. Mhandisi wa kuziba matundu ya usalama hashuki. Windows 10 ilirekebishwa tangu 2015 hadi Oktoba 2025, na mnunuzi alilipa mara moja tu. Baadhi ya mifumo ya bure nayo hulipiwa kwa njia nyingine, kwa matangazo na taarifa zako.

Sidai itolewe bure. Ninachokitaka ni leseni ya bei nafuu kwa mashine zilizotumika, maana ndizo wengi wetu tunazozimudu. Wakati tukiisubiri, mafundi wasikimbilie flashi: kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 au toleo la baadaye zina ufunguo halali wa leseni ndani ya bodi. Ukipiga toleo lilelile iliyotoka nalo kiwandani, mara nyingi inajisajili yenyewe ikipata intaneti, na kinga ya virusi inabaki imewashwa.