Nilihesabu Mbawa

Wadudu wenye mistari ya njano na nyeusi walipoanza kuzunguka mawaridi yangu, niliingia vitani na ndala. Nilitandika hewa, nikatandika ua, nikajitandika goti. Wao wametulia hewani kama wametundikwa kwa uzi, wananitolea macho tu.

Siku ya tatu nikakuta vijidudu chini ya majani. Hawana miguu wala kichwa cha kueleweka, kama konokono aliyenyang'anywa nyumba. Nikawachokoa mmoja mmoja kwa kijiti cha meno na kuwazamisha kwenye kopo la maji ya sabuni. Walifika 37, na nilijisikia jemadari.

Wiki haikuisha. Vidukari wakajaa hadi vikonyo havionekani, na majani yakanata kama yamepakwa asali.

Mama jirani akachungulia kopo langu, akanyamaza kama yuko msibani.

"Mwanangu, hawa ndio waliokuwa wanakula vidukari wako. Mmoja humaliza mamia kabla hajageuka nzi."

"Nzi?"

"Hao unaowakimbiza na ndala ni nzi. Hawana mwiba, wamevaa tu sare ya nyigu ili ndege wawaogope. Hesabu mbawa: nzi ana mbili, nyigu ana nne."

Kesho yake nikatubu. Mmoja alitua mkononi akaanza kulamba jasho, nami nikatulia kama napigwa picha. Mbawa mbili. Tukawa ndugu. (Yule nzi mwingine mwenye ndevu, aliyekaa juu ya kijiti akimfyonza nyuki mzimamzima, nilimpa heshima yake nikapita mbali.)

Jioni nikamwona mwenye mistari juu ya tumba, kiuno chembamba, hana haraka. Nikasogeza uso nihesabu vizuri. Moja, mbili. Nikamwambia, "Karibu, mkombozi wa mawaridi."

Alinichoma kwenye kope.

Nilibisha hodi kwa mama jirani nikiwa na jicho moja linalofanya kazi.

"Zilikuwa mbili, mama! Nimezihesabu!"

"Ni nne. Za mbele na za nyuma zimeshikana kwa vindoano vidogo, ndiyo maana unaona mbili. Ungetazama zile nyuzi za kichwani: za nzi wako ni fupi, hata huzioni. Za nyigu ni ndefu."

"Sasa mbona jana hukusema?"

"Jana sikujua ungekwenda kumhesabu kwa kope."