Ratiba ikikatika, rudisha saa kwanza, kiasi kitafuata

Mtu alikuwa akikimbia dakika 40 kila asubuhi, siku 5 kwa wiki. Ugonjwa au safari ikamkatisha, zikapita wiki 6. Siku anapotaka kurudi anakutana na mashauri mawili yanayopingana. Wapo wanaomwambia arudi na ratiba nzima palepale alipoiachia, kwa sababu anayejilegeza siku ya kwanza atajilegeza na ya pili. Wapo wanaomwambia aanze na dakika 2, hata akivaa viatu tu na kutoka mlangoni inatosha. Ubishi huu huendeshwa kana kwamba ratiba ni kitu kimoja. Ina saa ya kufanya na ina kiasi cha kufanya, na hivi viwili havirudi kwa njia moja.

Kuhusu saa, wa ratiba nzima wana hoja nzito. Mazoea hayakai kwenye nia, yamefungwa kwenye ishara: kengele ya simu, mwanga wa dirishani, glasi ya kwanza ya maji. Ishara ikiwa bado ipo, mtu huifuata hata baada ya wiki kadhaa. Tena mambo ya ratiba hushikana. Anayelala saa nne usiku ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri bila kushindana na godoro, na ukirudisha kukimbia bila kurudisha usingizi, kukimbia hakudumu. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha pia kwamba watu huelekea zaidi kuanza malengo mwanzoni mwa wiki, mwezi au mwaka. Jumatatu ina nguvu yake, itumike.

Wanapokosea ni kwenye kiasi. Pumzi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4 za kukaa, na ukianza tena hurudi mapema kuliko kano na mifupa inavyozoea mzigo. Ndiyo maana anayerudi na dakika 40 hujisikia vizuri wiki ya kwanza, kisha wiki ya pili au ya tatu muundi au kano ya kisigino inaanza kuuma, anakaa tena. Kwenye kazi ya kichwa kinachoharibika ni hesabu. Aliyejipangia kusoma kwa muda wa saa 3 akasoma dakika 90 anajiandikia sifuri, ilhali dakika 90 baada ya miezi 2 ya kutogusa kitabu ni kazi kubwa.

Wa dakika 2 wana ushahidi mzuri. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliotoka mwaka 2009, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Muda wa katikati wa tendo kuwa mazoea ulikuwa siku 66, na makadirio yalitoka siku 18 hadi 254, kutegemea mtu na ugumu wa tendo: jepesi huwahi kuzoeleka. Kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji aliyeandika mwaka 1960 kuhusu wagonjwa kuzoea sura zao mpya. Inauma kuona mtu anakata tamaa siku ya 22 kwa sababu ya namba isiyomhusu.

Udhaifu wa dakika 2 ni kwamba mara nyingi hazina saa. "Leo wakati wowote" hufika usiku bila kufanyika. Na aliyekwisha kuzoea 40 huziona hazina maana, akaziacha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama ishara ya zamani bado iko hai. Ikiwa iko hai, saa na siku zibaki zilezile, kiasi kikatwe nusu. Mkimbiaji wetu atoke siku zote 5, dakika 20, akikimbia dakika 3 na kutembea 2. Siku 2 kati ya hizo atembee tu. Aongeze dakika 5 kila wiki ikiwa ametoka angalau siku 4, na vipindi vya kutembea vipungue taratibu. Wiki ya tano atakuwa kwenye 40. Maumivu yakiwepo bado asubuhi ya pili, arudie wiki hiyohiyo.

Ikiwa ishara imekufa, kwa mfano zamu imebadilika au mtoto amezaliwa, ratiba ya zamani haina pa kushikia. Hapo dakika 2 zina haki kamili, mradi zifungwe kwenye tukio ambalo bado hutokea kila siku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha faida ya kupanga kwa sentensi ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi": nikishasuuza kikombe cha chai, nafungua kitabu penye alama.

Vyovyote iwavyo, kagua vifaa usiku wa kuamkia siku ya kurudi. Baada ya wiki 6 viatu viko nyuma ya sanduku, kamba bado zina fundo la siku ya mwisho, soksi ziko chini kabisa ya droo. Kila kimoja kinakula dakika alfajiri, saa ambayo kichwa kinatafuta sababu ya kurudi kulala. Fungua fundo, ingiza soksi ndani ya viatu, viweke mlangoni.

Na siku mbaya ipangiwe mapema, kwa maandishi: kutembea dakika 10, saa ileile. Alan Marlatt, aliyechunguza watu wanaorudia ulevi, alieleza jinsi kosa moja linavyogeuka "basi nimeshaharibu" na kuwa kuacha kabisa. Wapo wanaosema usikose mara mbili mfululizo, na ni kanuni nzuri, isipokuwa kwenye homa. Mwenye homa alale, na akipona aanze tena na kiasi cha wiki iliyotangulia.