Tunajenga wenyewe, mbona nyumba zote zinafanana?

Huku Denmark mtu akijijengea nyumba kwa mikono yake, watalii wanampiga picha. Hapa Copenhagen kuna mtaa unaitwa Christiania. Mwaka 1971 watu walivamia kambi ya jeshi iliyokuwa imeachwa wazi, wakaanza kuishi wanavyotaka. Wakakarabati majengo ya askari, na kando ya maji wakasimamisha nyumba za mbao na madirisha ya kuokota, nyingine vioo vitupu kuanzia chini hadi juu. (Habari za bangi tuziache. Ile barabara ya kuuzia bangi wakazi wenyewe waliing'oa mawe mwaka 2024.)

Nikipita pale najiuliza watu wanashangaa nini hasa. Mimi nimekulia Mbagala, Dar es Salaam. Mtaa mzima ulijengwa na wenye nyumba wenyewe: leo tripu ya mchanga, mwakani tofali, hela ikikata boma linaota majani, ikipatikana mnapaua. Mnahamia kuta hazina lipu, mlango ni pazia, ilimradi mmeachana na baba mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Na hakuna aliyewahi kutuita wasanii.

Kwa hilo Dar inaishinda Ulaya mbali sana. Huku nimepanga fleti, na kabla ya kutoboa ukuta nitundike picha nawaza kwanza watanikata kiasi gani siku ya kuhama. Kujenga ndiyo usiseme: kiwanja bei haishikiki, vibali, wakaguzi, mkopo wa kulipa hadi uzeeni. Hata Christiania nyumba hainunuliwi wala haiuzwi. Ikibaki wazi, wakazi wa eneo lile wanakaa kikao kuamua nani aingie.

Kinachoniudhi ni kwamba uhuru huo tunao halafu tunautumia kufanana. Pita Goba, pita Madale, nenda Kinyerezi. Paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta, madirisha ya aluminiamu, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, geti jeusi lenye nakshi za dhahabu, na sebule ambayo hakai mtu mpaka aje mgeni. Ukuta hauna kivuli, kwa hiyo Februari kiyoyozi hakizimwi na luku ya umeme inakwenda mbio. Masika yakianza, fundi yuko juu anatafuta panapovuja. Wazee waliojenga zile nyumba za Kariakoo, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele, joto walilijua vizuri kuliko sisi.

Mdogo wangu wa kike ni mchoraji. Amejenga Kigamboni, ndani ndani huko, ukishapita Kibada. Msingi na nguzo hakufanya mzaha, hapo ni nondo na zege. Kwingine kajiamulia mwenyewe. Mlango ni wa mninga, ameutoa Kariakoo kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa kupisha ghorofa. Tundu la kitasa cha zamani kaliziba kwa kitako cha chupa ya kijani, na asubuhi jua likipita pale linaacha doa la kijani sakafuni. Bati ni la kawaida tu, ila limetokeza mbele sana, na chini yake ni baraza anakochora, anakopika, na watoto wa jirani wanakomharibia rangi. Anasema mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, kwa hiyo yeye jipsamu haisubiri.

Mama mkubwa alipokwenda kumtembelea akasema, "Pazuri mwanangu. Sasa utamalizia lini?" Kaka akanipigia mimi: mtumie hela amalizie, watu wanajua ana ndugu Ulaya. Yaani aibu ni yangu! Mwenye ndugu nje ndiye hana uhuru kabisa wa kujenga atakavyo, maana nyumba yake lazima ionekane imetoka Ulaya. Na kwenye Ulaya hii ninayoiona mimi, wenye pesa wanalipa zaidi kupata mbao chakavu na ukuta usio na lipu.

Lakini nisidanganye watu. Yule msanii wa Christiania akiugua anakwenda hospitali, gharama inalipwa na kodi za wote. Mdogo wangu akiugua, tunachangishana kwenye grupu la WhatsApp. Mwezi ambao picha hazitoki anakopa unga dukani, na mvua ikikolea bodaboda hawakubali kufika kwake. Kuishi kivyako huku Ulaya ni ujasiri wa bei nafuu. Dar unalipia mwenyewe, na shangazi wanakusema juu yake.

Mimi kiwanja changu kipo Chanika. Fundi kaleta ramani: paa la kuficha, kama kawaida. Nimemwambia anichoree paa la mgongo, na baraza aipe nafasi kubwa kuliko sebule. Kaka kanuna, tumebishana wiki nzima. Hela ya saruji natuma mwisho wa mwezi. Ya jipsamu akaitafute kwingine.