Mama Mkwe Ameota Malaika

Kipara cha kwetu hakipigi hodi. Babu alikuwa nacho, baba anacho, na wajomba zangu wakikaa barazani jua la saa saba unaweza kujitazama kwenye utosi wa mmoja wao ukachana ndevu. Yaani upande wa baba moto, upande wa mama petroli. Mimi nilijiona nimenusurika, mpaka ilipokuja video ya harusi ya binamu yangu.

Mpiga picha alikuwa na droni. Tumekaa ukoo mzima sebuleni tunatazama, droni inapita juu ya meza za uwanjani, na kwenye meza yetu kuna kitu kinang'aa. Nikauliza, "Huyo mzee aliyekaa pale kwetu ni nani?" Kimya. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayejua itifaki. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenihurumia: "Anko, si wewe? Huoni shati lako?"

Uwaraza wa mbele niliujua, tulikuwa tunaheshimiana. Lakini utosi mtu hauoni mwenyewe. Wanauona wale waliosimama nyuma yako kwenye foleni ya benki, nao wana adabu zao. Kuanzia siku ile nikavaa baraghashia asubuhi mpaka usiku. Ndani ya wiki mbili kijiweni wakaanza kuniita ustaadhi, na kikao cha mtaa kilichozungumzia taka nikaombwa nikifungue kwa dua.

Nikaenda duka la dawa. Si la mtaani kwetu, kwa sababu pale muuzaji anasuka nywele pamoja na mke wangu. Nilipanda daladala mbili. Binti aliyekuwa kaunta akaniita "kaka". Nikavua kofia. Akaniita "mzee wangu".

Akanipa minoksidili ya maji, asilimia 5, boksi lina chupa tatu za mililita 60, kila chupa ya mwezi mmoja. Yule binti alijua kazi yake na alikuwa na muda. Alianza kwa kuniuliza kama nina presha au matatizo ya moyo. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya nywele. Akasema ndiyo maana anauliza: dawa hii ilianza kama kidonge cha presha. Wamarekani walikiidhinisha mwaka 1979 kwa watu ambao presha yao ilikuwa imewashinda madaktari, wagonjwa wakaanza kuota nywele kwenye mapaji ya uso, mashavuni, mikononi. Presha inashuka, nywele zinapanda. Mwaka 1988 ikaidhinishwa kama dawa ya kupaka kichwani.

Akaendelea. Mililita moja asubuhi, mililita moja jioni, kichwa kikiwa kikavu. Nawa mikono. Usilale kabla haijakauka, ngoja hata saa mbili au zaidi, la sivyo itahamia kwenye mto, na kutoka kwenye mto itahamia usoni. Wiki za mwanzo nywele zitapukutika zaidi kuliko kawaida, usiogope, zile kuukuu zinapisha mpya. Subiri miezi minne ndipo ulalamike. Utosini inasaidia zaidi kuliko huku mbele. Na ukiiacha, zile zilizoota zitaanguka tena.

Katika yote hayo mimi nilishika maneno mawili: asubuhi na jioni. Bei sikumwambia mke wangu na hapa pia siisemi.

Tatizo lilikuwa kuificha. Mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaume wanaopaka piko kwenye mvi. Mimi ndiye niliyesema mbele ya mashemeji kwamba kipara ni heshima. Kwa hiyo usiku ule nikajifungia bafuni na ndoo ya maji moto na kisu cha kumenyea vitunguu, nikabandua karatasi za chupa zote tatu, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi mshare. Ya tatu ilikuwa bado imeng'ang'ania pembeni mke wangu alipogonga.

"Unafanya nini humo saa zote hizo?"

"Nachua mgongo."

Sijui ulitoka wapi huo mgongo. Ulitoka tu. Nikafungua, akanusa, na kwa bahati dawa ina harufu ya spiriti. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuwahi kuipata hata nilipougua malaria. "Pole mume wangu. Kumbe unaumwa kimyakimya." Akauliza inapakwaje. Nikamwambia asubuhi na jioni. Hapo tu ndipo niliposema kweli.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutoka Tanga kumlea mke wangu mpaka arobaini ipite. Ni mama mpole, maneno machache, na magoti yake yanajulikana nusu ya Ngamiani. Akiinuka kwenye mkeka unasikia kama mtu anavunja kuni chumba cha pili. Arobaini ikapita, nikampeleka stendi ya Mbezi alfajiri, nikamkatia tiketi, nikampakilia mizigo. Basi likaondoka. Ndipo mke wangu akanipigia kutoka nyumbani.

"Nimemwekea mama ile dawa yako ya mgongo. Chupa zote tatu. Wewe kijana, utanunua nyingine."

Basi lilikuwa bado naliona, linakata kona. Nikaanza kukimbia, kisha nikajiuliza nikilifikia nitasema nini. Nitasimama mlangoni mbele ya abiria nimwambie mama aliyemzaa mke wangu, "Naomba dawa yangu ya kipara"? Nikasimama. Nikamwambia mke wangu amefanya vizuri sana. Sauti ilinitoka kama ya mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

Nikajipa moyo kwamba ni maji tu, atachua wiki moja atachoka. Nikanunua boksi jingine, nikalificha kwenye droo ya ofisini, nikaendelea na yangu. Wiki ya tatu nywele zikaanza kupukutika kama yule binti alivyosema. Nikivua kofia, ndani kuna nywele kuliko kichwani. Jioni nyingine nilikuwa naruka kwa sababu ya foleni, nyingine kwa sababu ya mpira.

Ikapita miezi mitatu. Siku moja saa nne usiku ujumbe ukaingia kutoka kwa shemeji yangu wa Tanga:

"Shem mama ameota malaika magotini kote. Hataki daktari. Njooni."

Nikausoma mara tatu. Nikampa mke wangu. Akakaa chini.

Malaika mmoja tungesema ni ndoto njema. Lakini malaika magotini, tena kote, na mgonjwa mwenyewe keshawakataa madaktari! Tulimpigia shemeji, simu haipatikani, umeme umekatika kwao. Mke wangu akauweka ujumbe kwenye kundi la ukoo, na hapo ndipo jambo lilipopata miguu. Shangazi yake wa Muheza akaandika kuwa marehemu bibi naye aliwaona upande wa miguuni siku tatu kabla. Mwingine akauliza walikuwa wangapi. Mjomba mmoja, ambaye kwenye harusi yetu hakutoa hata kijiko, akajiteua mweka hazina. Kufika saa sita usiku kulikuwa na orodha ya michango, mjadala wa mchele wa Kyela au wa kawaida, na mtu asiyejulikana ameuliza kwa upole kama hati ya shamba la minazi inajulikana iko wapi.

Tukapanda basi la kwanza. Mke wangu alilia kutoka Mbezi mpaka Chalinze, akapumzika, akaendelea. Segera, mahali ambapo hajawahi kupita bila kuita muuza kitu dirishani, alipita amefumba macho. Mimi nilikuwa namwombea mama mkwe kwa dhati, na katikati ya dua najikumbusha kuwa tokea jana sijapaka.

Tulipofika, vijana wawili walikuwa wanashusha turubai kutoka kwenye bajaji. Mke wangu akapiga ukunga. Tukaingia uani mbio. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akainua uso, akatuona tunalia, akaona turubai nyuma yetu, akaacha kukuna.

"Poleni wanangu," akasema. "Nani kafa?"

Hakuna aliyeweza kulijibu swali hilo. Mke wangu akamkumbatia, akamuuliza hao malaika walimwambia nini. Mama mkwe akanitupia jicho, akavuta kanga chini kidogo. Mambo ya magoti hayasemwi mbele ya mkwe. Akainuka, na hapo nikagundua kitu: hakuna kuni iliyovunjika. Aliinuka kimya kama binti wa miaka ishirini. Wakaingia chumbani, mimi nikabaki barazani upande wa pili wa pazia na mjomba mweka hazina, ambaye tayari alikuwa na daftari la rambirambi na jina lake limetangulia.

Kimya. Kisha sauti ya mke wangu: "Mama! Hizi ni ndevu!"

"Ndiyo nilimwambia mdogo wako nimeota malaika," mama mkwe akajibu. "Mwanzo zilikuwa malaika. Sasa zimekomaa."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. "Si ndivyo nilivyoandika?" Nikautoa ujumbe nikausoma upya. Hakukosea hata neno moja. Vinyweleo, magotini, kote. Na daktari alikataliwa kwa sababu, kwa maneno yake mama mkwe, hawezi kwenda kumfunulia kijana wa watu magoti yanayotaka kinyozi.

Mimi nilishaelewa. Mjomba alikuwa bado anauliza kama turubai lirudishwe, mimi jasho limeshafika kwenye mkanda. Kwa dawa hiyo hiyo, miezi hiyo hiyo, magoti ya bibi wa miaka sitini na nane yameota ndevu, na utosi wangu unang'aa kama sinia la kukodi! Baadaye yule binti wa dawa alinieleza kwamba kichwani kwa mwenye kipara cha ukoo, mashina ya nywele yamesinyaa miaka mingi kwa ajili ya homoni, lakini ya magotini ni mazima, yamesinzia tu. Tena mama mkwe hakuruka siku. Alipaka alfajiri na magharibi, sawasawa na adhana, kwa sababu mkwe wake mpendwa alisema asubuhi na jioni.

Pazia likafunguka. Mke wangu akatoka. Machozi yalikuwa yamekauka na macho yamekuwa madogo.

"Baba watoto," akasema, "vua shati."

"Mbele ya mjomba?"

"Vua shati nione mgongo."

Mke wangu alikuwa amepiga hesabu. Kama dawa ile ilifanya vile kwenye magoti kwa miezi mitatu, mgongo wangu ulitakiwa uwe kama wa nyani. Nikavua. Mgongo wangu, ndugu zangu, ni laini kama bakuli la kaure, haujawahi kuwa na unywele mmoja. Akaupapasa kama mtu anayechagua papai. Akauliza, taratibu, "Sasa wewe ulikuwa unapaka wapi?"

Sikujibu. Lakini mkono wangu, wenyewe tu, ukapanda kushika kofia.

Shemeji akaweka ndoo chini. Mjomba akafunga daftari. Na kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ile pole ya maneno machache: "Mwulizeni, kama ni dawa ya kichwa, mbona kichwani haijafika?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilimpigia yule binti wa duka la dawa, nikamweleza kwa sauti ya chini, naye akacheka kwanza, halafu akawa mkali. Mama aache mara moja, akapimwe presha leo hii, aulizwe kama moyo umekuwa ukimwenda mbio au kichwa kuzunguka. Dawa hiyo ni ya kichwani, na kidogo huingia mwilini. Sikungoja bajaji ya pili, tulipanda ileile iliyoleta turubai. Zahanati wakampima: presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu ya saa ile. Nywele, binti akasema, zitaanguka zenyewe ndani ya miezi kadhaa akiacha. Na maumivu yaliyokwisha? Hayo yalitokana na kuchuliwa mara mbili kwa siku bila kukosa, maana dawa yenyewe haijui goti ni nini.

Mchele ulikuwa umeshanunuliwa, wa Kyela, na michango haikuwa na wa kuidai. Jioni ukapikwa pilau chini ya lile turubai. Watu waliokuja kuzika wakaketi kula, wengine wametoka Korogwe, na mama mkwe akala wali wa msiba wake mwenyewe, akaomba na ukoko.

Kesho yake ametusindikiza mpaka kwenye basi. Nikiwa nimeshaketi dirishani, kofia imenifika nyusi, akanyoosha mkono akanipa kitu amekifunga kwenye pindo la kanga kuukuu. Nikafungua. Chupa ya tatu, isiyo na karatasi, imebaki nusu.

"Chukua, mkwe wangu," akasema, sauti ya kila abiria kuisikia. "Mimi nilikuwa na vibustani viwili tu. Mwenye shamba ni wewe."