Grange kukataa siasa 1874, walikosea au walipatia?

Watu wengi wanaichukulia Grange, umoja wa wakulima wa Marekani, kama chama cha siasa, kumbe kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka, St. Louis, Februari 1874, ndio walipitisha tamko la malengo linalosema wazi Grange sio chama cha siasa na mambo ya vyama au dini hayajadiliwi kikaoni. Mwanachama akitaka siasa akafanye huko kwenye chama chake.

Sasa angalia hali ilivyokuwa. Uchumi umeyumba tangu 1873, na mkulima wa Iowa au Illinois mara nyingi reli inayopita kwake ni moja tu, kwahiyo anachajiwa wanavyotaka wenye reli, kuna wakati mzigo wa karibu unalipiwa hela nyingi kuliko wa mbali kwa sababu huko mbali kampuni zinashindana. Mtu wa hivyo unamwambiaje siasa aiache mlangoni? Sheria za kubana nauli za reli zilipita kwenye mabunge ya majimbo, na bunge ni siasa tu. Wisconsin walipitisha sheria kali 1874, ikafika 1876 imeshafutwa, Iowa nao wakafuta yao 1878. Hapo waliotaka siasa wana hoja kabisa, sheria zilikosa wa kuzilinda.

Ila mimi naegemea kwa wale wa St. Louis. Hii Grange, iliyoanzishwa 1867 na Oliver Kelley na wenzake, ilikuwa udugu, una ngazi zake, maneno ya siri, sherehe zake, na mwanamke ni mwanachama kamili mwenye kura, yani kufungua tawi tu walitakiwa wanaume 9 na wanawake 4, wakati huo kura ya taifa zima wanawake hawaipati mpaka 1920. Halafu humo ndani wamekaa watu wa kaskazini na wa kusini waliotoka kuuana vitani mpaka 1865, miaka 9 tu nyuma, ukiwawekea Republican na Democrat mezani hicho kikao kinavunjika siku hiyohiyo. (Na tuseme ukweli, kule kusini udugu wenyewe ulikuwa wa wazungu, mkulima mweusi aliachwa nje, hilo halina utetezi.)

Kuna wanaosema wanachama walikimbia kwa sababu ya kukwepa siasa, walikuwa zaidi ya laki 8 mwaka 1875, 1880 hawafiki hata laki 2. Mi naona biashara ndio iliwamaliza zaidi, Iowa walijitosa kutengeneza mashine za kuvuna kwa pupa bila mtaji wa maana, wakafilisika.

Waliokuja kuingia siasa mazima ni wakulima wa Alliance, umoja mwingine wa wakulima, wakaunda chama cha siasa cha People's Party 1892, baada ya uchaguzi wa 1896 ikaishiwa nguvu. Grange ipo mpaka leo. Lakini yule aliyekamuliwa na reli baada ya sheria kufutwa alisubiri mpaka 1887 serikali kuu ilipounda tume ya kusimamia reli, na kwake hiyo miaka yote ilikuwa ni hasara tupu.