Kiti cha Fredericton kilikuwa cha nani?

Tarehe 10 Juni 2021 mbunge wa Fredericton nchini Kanada, Jenica Atwin, alitangaza kwamba ameacha Chama cha Kijani na kujiunga na Chama cha Liberal, chama tawala cha Justin Trudeau. Chama kikubwa kikipoteza mbunge mmoja, habari huisha ndani ya wiki. Chama cha Kijani kilikuwa na wabunge watatu tu bungeni. Kwa tangazo moja kikapoteza theluthi ya wabunge wake, na aliyeondoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kukishindia kiti cha ubunge wa taifa nje ya mkoa wa British Columbia.

Tangu siku hiyo ameandamwa na tuhuma ya usaliti. Nikiyapanga matukio yalivyofuatana, naona anaonewa. Si kwamba hana la kujibu. Analo, tena lipo moja zito. Lakini wengi wanaomhukumu huanzia siku aliyohama, wakati mambo yalikwishaharibika mwezi mmoja kabla.

Mei 2021 mapigano ya Gaza yalipopamba moto, kiongozi wa Chama cha Kijani, Annamie Paul, alitoa taarifa ya kutaka pande zote zipunguze uhasama. Atwin aliiona taarifa hiyo haitoshi hata kidogo, akasema hivyo hadharani, akalaani mashambulizi ya anga na kuiita hali ya Wapalestina ubaguzi wa aina ya Afrika Kusini ya zamani. Mbunge mwenzake wa Kijani, Paul Manly, naye alisema maneno makali. Siku chache baadaye mshauri mkuu wa kiongozi wa chama aliandika mtandaoni akiwatuhumu wanasiasa, wabunge wa Kijani wakiwemo, kuwa na chuki dhidi ya Wayahudi, na akaahidi kwamba watafanya kazi ya kuwaangusha na kuleta wengine mahali pao.

Mshauri analipwa na chama. Chama kina wabunge watatu. Naye anaahidi mbele ya umma kuwang'oa wabunge wa chama hichohicho. Annamie Paul hakuyakana maneno hayo hadharani, mpaka baraza la chama likafikia hatua ya kumtaka ayakane. Wakati huo Atwin alikuwa ameshaondoka.

Chama cha Kijani cha Kanada kimekuwa kikijinadi kwa miaka mingi kuwa hakina kiranja wa kuwaswaga wabunge wapige kura upande mmoja. Mbunge wa Kijani, walisema, anawajibika kwanza kwa jimbo lake na dhamiri yake. Ahadi hiyo iliwavuta watu waliochoshwa na nidhamu ya kijeshi ya vyama vikubwa, na naamini ilimsaidia sana Atwin, mwalimu na mama wa watoto wadogo, kushinda katika mji ambao Liberal na Wahafidhina walikuwa wamezoea kupokezana. Atwin alipoipinga taarifa ya kiongozi wake alikuwa anatumia uhuru ambao chama kilimwahidi. Akajibiwa kwa kutishiwa kiti chake.

Haki itendeke kwa Paul pia. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mweusi, na Myahudi, kuchaguliwa kuongoza chama cha kitaifa nchini humo. Aliingia Oktoba 2020 bila kiti bungeni, akiwa na baraza lenye mivutano, na mwenyewe alilalamika kwamba baadhi ya mashambulizi dhidi yake yalikuwa na harufu ya ubaguzi. Kwa mwanamke Myahudi, maneno juu ya Israeli hayakuwa mjadala wa mbali, na kimya chake juu ya mshauri wake huenda kilitoka kwenye maumivu ambayo wengi wetu hatuyajui. Lakini maumivu ya kiongozi hayamlazimu mbunge kubaki mahali ambapo ameambiwa atang'olewa.

Nafasi yenyewe aliyokuwa nayo bungeni nayo isisahaulike. Chama kisichofikisha wabunge 12 hakitambuliwi rasmi na Bunge la Kanada. Wabunge wake hawana uhakika wa maswali kila siku, hawana viti vya kudumu kwenye kamati, na bajeti ya ofisi ya chama hakuna. Chombo pekee alichobaki nacho mbunge wa Kijani ni sauti yake, na mtandao wa chama unaoibeba sauti hiyo. Chama kikigeuka kuwa ndicho kinachoizima, anabaki na nini cha kuwafanyia watu wa Fredericton? Angeweza kukaa kama mbunge huru, ndiyo. Angebaki na dhamiri safi, bila mahali pa kuipeleka.

Sasa lile zito. Atwin aliondoka kwa sababu ya Palestina, akaenda kwenye chama ambacho msimamo wake juu ya Palestina ulikuwa wa tahadhari kuliko hata taarifa aliyoikataa. Siku chache baada ya kuhama alitoa taarifa ya kusema anajutia maneno aliyoyachagua. Zaidi ya hapo, Liberal ndiyo serikali iliyonunua bomba la mafuta la Trans Mountain mwaka 2018 kwa dola bilioni 4.5, ununuzi ambao Chama cha Kijani kiliupinga kwa nguvu zote. Mtu aliyepita nyumba kwa nyumba mwaka 2019 akimwombea kura Atwin kwa ajili ya tabianchi ana haki kamili ya kuuliza: je, bomba nalo umelihamia?

Swali hilo sina jibu lake linaloridhisha, na sidhani yeye alilipata. Alikimbia chama kilichomtisha kwa kusema, akaingia chama chenye kiranja, ambamo kusema kuna mipaka inayojulikana na kila mtu. Mtetezi wake akitaka kuwa mkweli lazima akubali kwamba alipata utulivu kwa kulipa sehemu ya uhuru. Ninachokataa ni hatua inayofuata katika hoja ya wapinzani wake, kwamba kwa hiyo alinunuliwa. David Emerson alichaguliwa kwa tiketi ya Liberal tarehe 23 Januari 2006, na wiki mbili baadaye akaapishwa kuwa waziri katika serikali ya Wahafidhina ya Stephen Harper. Belinda Stronach aliwaacha Wahafidhina Mei 2005 akapewa uwaziri papo hapo, siku mbili kabla ya kura ya bajeti iliyofungana 152 kwa 152 na kuamuliwa na Spika. Hapo bei ilionekana. Atwin hakupewa uwaziri mwaka 2021, wala kura yake haikuipa serikali ya Trudeau wingi wa viti iliyoukosa. Ukatibu wa bunge, yaani nafasi ya mbunge anayemsaidia waziri, alikuja kuupata mwaka 2023, baada ya kuchaguliwa upya.

Kuchaguliwa upya ndiko kunakohitaji kutazamwa polepole, kwa sababu pande zote mbili hukimbilia takwimu zake.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 20 Septemba 2021, siku 102 baada ya yeye kuhama. Mwaka 2019, akiwa Kijani, Atwin alipata kura kama 16,600, sawa na asilimia 33.7. Mwaka 2021, akiwa Liberal, alipata kura kama 16,300, sawa na asilimia 37, akamshinda Mhafidhina kwa kura 500 hivi. Watetezi wake husema: tazameni, kura zilezile, watu walimfuata mtu. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 2019 Kijani na Liberal kwa pamoja walipata asilimia 61 ya kura za jimbo. Mwaka 2021 Atwin pamoja na mgombea mpya wa Kijani, aliyeambulia asilimia 13 hivi, walifika 50. Asilimia 11 ziliondoka kabisa kwenye vyama hivyo viwili. Wahafidhina walipanda kutoka 30 kwenda karibu 36, na NDP, chama cha mrengo wa kushoto, ikapanda mara mbili, kutoka 6 kwenda zaidi ya 12. Waliopiga kura nao walipungua kwa maelfu. Kura 16,600 za kwanza na 16,300 za pili zinafanana kwa hesabu, lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba zilitoka kwenye mikono ileile. Kuna waliompigia 2019 wakakasirika wakaenda NDP, na kuna Waliberali wa siku zote ambao mwaka 2021 walimkuta tu kwenye nafasi ya chama chao.

Kuna hesabu nyingine ambayo imenikalia kichwani zaidi. Katika Fredericton, Kijani kilishuka kutoka asilimia 34 hadi 13, yaani kilibaki na kama theluthi na ushee ya nguvu yake. Nchi nzima, chama hicho kilishuka kutoka asilimia 6.5 hadi 2.3. Nako kilibaki na theluthi na ushee. Jimbo lililohamwa na mbunge wake liliporomoka kwa kiwango kilekile cha majimbo ambayo hayakuwahi kuwa naye. Kwa hiyo mtetezi hawezi kusema watu wa Fredericton walikiacha chama wakamfuata Atwin, maana chama kiliachwa kila mahali. Lakini mpinzani naye hawezi kusema Atwin aliua Kijani mjini kwake. Chama hakikuweza hata kusimamisha wagombea katika majimbo zaidi ya 80 kati ya 338. Paul mwenyewe alishika nafasi ya nne Toronto Centre, akatangaza kujiuzulu wiki moja baada ya uchaguzi. Na Paul Manly, ambaye alisema maneno makali kama Atwin lakini hakuhama, alipoteza kiti chake cha Nanaimo—Ladysmith na kuwa wa tatu.

Huenda kuhama kwake kulichangia mporomoko huo wa kitaifa. Nakubali, na sijui namna ya kupima mchango huo. Ila nyumba ilikuwa inawaka kabla hajatoka mlangoni.

Wapo wanaosema haya yote yangekwisha kwa sheria moja: ukihama chama, rudisha kiti. Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa sheria hiyo. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 103 ya Katiba ya Kenya zinamvua ubunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni. Tanzania haina hata mgombea binafsi. Kanada jina la mgombea ndilo lililotangulia. Majina ya vyama yalianza kuchapwa kwenye karatasi za kura za uchaguzi mkuu mwaka 1972.

Ubora wa sheria yetu uko wazi, kwani inaheshimu ukweli kwamba watu wengi huchagua chama. Lakini haikuzuia wimbi la 2017 na 2018, wakati wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi" na baadhi yao wakarudi bungeni kwa tiketi ya CCM kupitia chaguzi ndogo zilizogharimu fedha za umma. Na ina ncha ya pili inayokata kwa ndani: anayefukuzwa na chama naye hupoteza kiti. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa CUF walipoteza ubunge baada ya kufukuzwa na upande mmoja wa chama kilichokuwa kimegawanyika. Hawakuhama kwenda popote. Waliondolewa na mgogoro wa viongozi.

Kanada yenyewe imelionja hilo. Mkoa wa Manitoba ulipitisha mwaka 2006 sheria ya kuwakataza wabunge wake kuhamia chama kingine kabla ya uchaguzi. Mwaka 2017 Steven Fletcher alifukuzwa kwenye kundi la wabunge wa chama chake mwenyewe, na sheria ikamzuia kuingia kingine chochote. Chama kiliruhusiwa kumwacha. Yeye hakuruhusiwa kwenda. Alikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 2018 mkoa ukaifuta.

Tuipeleke sheria kama ya Tanzania Fredericton ya Mei 2021. Mshauri asiyechaguliwa na mtu angekuwa na nguvu ya kuutimiza mwenyewe ule utisho wake, bila kungoja wapiga kura. Theluthi ya wapiga kura wa jimbo waliompigia Atwin, na theluthi mbili ambao hawakumpigia lakini naye ndiye aliyekuwa mbunge wao, wangepoteza mwakilishi kwa sababu ya ugomvi wa ofisi moja ya Ottawa.

Hata hivyo sisemi kila anayehama aachwe. Atwin aliwakabili wapiga kura baada ya siku 102, na hilo ndilo linalonifanya nimtetee bila kusita. Chris d'Entremont wa Acadie—Annapolis, mkoani Nova Scotia, alihama kutoka kwa Wahafidhina kwenda Liberal tarehe 4 Novemba 2025, miezi sita tu baada ya kuchaguliwa, na kalenda ya sheria inaweka uchaguzi mkuu ujao Oktoba 2029. Watu wake wanaweza kusubiri karibu miaka minne. Wao nawaunga mkono wakidai uchaguzi mdogo. Kama Bunge la Kanada litaandika sheria siku moja, naona ipime muda uliobaki: ukizidi mwaka, aliyehama kwa hiari yake arudi kwa wapiga kura, aliyefukuzwa, au aliyetishiwa hadharani na chama chake, asiguswe. Kuthibitisha utisho kutakuwa kazi ngumu na mawakili watafaidi. Katika kisa cha Atwin, mshauri alikuwa ameuandika mwenyewe.